Mikono Ndani ya Tangi

Juzi nilipita kwenye karakana moja pale Kyumbi, nikamkuta kijana akipaka epoksi kwenye lango jipya la chuma. Glavu alikuwa amezivua na kuzitia mfuko wa nyuma, zikining'inia kama mkia. Nikamuuliza mbona amezivua.

"Mzee, na joto hii yote? Kwani mikono yangu iko na shida gani? Nimenawa na sabuni."

Mwenzake akadakia, "Muache mzee. Ni rangi za zamani ndio zilikuwa zinaogopa mikono."

Wakacheka, nami nikacheka nao kidogo, nikaondoka. Jibu nililokuwa nalo lilikuwa refu mno la kutolewa kando ya barabara, malori yakipita. Nimekaa nalo nyumbani tangu siku hiyo. Ni hili hapa. Nawaandikia ninyi mnaojifunza kazi ya kulinda chuma, hasa ninyi mnaodhani mmeshaielewa. Mimi nilikuwa nimeielewa kabisa siku niliyoharibu tangi la maji la kanisa letu, na mke wangu akabeba mzigo wa kosa hilo mgongoni mpaka akafa.

Niliingia kazini mara tu nilipomaliza kidato cha nne. Kiwanda kilikuwa Mavoko, tunapaka mabomba na matangi. Fundi wangu aliitwa Kilonzo, mtu wa Matuu, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza kama msasa. Alinipokea kwa swali.

"Unajua rangi ni ya nini?"

"Ya kupendeza."

"Basi nenda ukapake kucha za wasichana."

Baadaye alinieleza, na mpaka leo sijasikia maelezo mazuri kuliko yale. Alisema chuma kilitoka kwenye udongo na kila siku kinatafuta njia ya kurudi huko. Maji na hewa ndivyo vinavyokishika mkono na kukirudisha. Kazi yetu ni kusimama katikati. Epoksi inakuja kwa makopo mawili, rangi yenyewe na hadina yake, ile dawa ya kuigandisha. Ukivichanganya, vinashikana vipande kwa vipande mpaka vinakuwa plastiki moja ngumu, na plastiki hiyo inazaliwa palepale juu ya chuma. Kilichokuwa juu ya chuma saa ile ya kuzaliwa, kiwe vumbi au umande, kitabaki chini yake. Hutakitoa tena bila kubomoa.

Kuchanganya kulinitesa. Mara ya kwanza kuachiwa peke yangu nilikadiria hadina kwa macho, kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga. Asubuhi rangi ilikuwa bado inanata kama asali, na kuku wa mama wa kantini alikuwa amesimama juu ya bomba, hawezi kung'oa mguu. Kilonzo alimtazama kuku, akanitazama mimi.

"Haya. Sasa tafuta mteja wa bomba na kuku wake."

Nikajirekebisha, nikapima vizuri, lakini nikachanganya ndoo nzima kwa mara moja ili nisirudie rudie. Nilipotoka kunywa chai na kurudi, ndoo ilikuwa inafuka moshi. Epoksi ikiwa nyingi pamoja hujipasha moto yenyewe. Hii iliganda na mti wa kukorogea ukiwa umesimama katikati. Kilonzo aliiweka ndoo ile mlangoni, na kila mgeni alipoingia alimwonyesha: "Hiki ni kikombe ambacho huyu kijana alishinda."

Hayo ni makosa ya kuchekesha kwa sababu yanaonekana siku hiyohiyo. Unakwangua, unaanza upya, jioni unakula na kulala. Kuna makosa mengine yanayongoja, na Kilonzo alijua kwamba hayo hayafundishiki kwa mdomo.

Siku moja tulikuwa tumemaliza kupiga kipande cha bamba kwa mchanga. Siku hizo tulitumia mchanga wa mto, tukiupuliza kwa kompresa mpaka chuma kinatoa ngozi yote ya kutu na kubaki kijivu cheupe, kikikwaruza kidogo. Leo mchanga huo umepigwa marufuku, na ni haki. Vumbi lake ndilo lililokaa kwenye mapafu ya Kilonzo na kumfanya akohoe hadi mwisho wa maisha yake. Msivute vumbi la kitu chochote, wanangu. Vaeni barakoa ya hewa hata kama hakuna anayewaangalia.

Basi siku hiyo Kilonzo alinishika mkono, akaubandika wote kwenye bamba lile safi, akaubonyeza. Halafu akapaka epoksi juu, vizuri kabisa, akaiacha ikauke siku zake zote. Kisha akalitumbukiza bamba kwenye pipa la maji lililokuwa juani nyuma ya stoo. Nilisahau. Yeye hakusahau. Wiki nyingi baadaye aliniita, akalitoa. Juu ya rangi iliyokuwa laini palikuwa na malengelenge madogo madogo, na malengelenge yale yalikuwa yamejipanga. Vidole vitano na kiganja.

"Huyu ni nani?" akaniuliza.

"Ni mimi."

"Ulikuwa umenawa?"

"Nilikuwa nimenawa."

Akalitoboa lengelenge moja kwa msumari. Likatoa maji machafu, na chini yake chuma kilikuwa kimeshaanza kuwa chekundu. Akanieleza kwamba mkono hutoa jasho hata ukinawa, na jasho lina chumvi. Hakuna plastiki isiyopitisha maji hata kidogo. Polepole sana maji hupenya, na yakinusa chumvi chini yake huifuata, yakakusanyika hapo, yakaiinua rangi. Kutu haihitaji nafasi zaidi ya hiyo.

"Chuma kikishapigwa mchanga," alisema, "hakuna kugusa. Hata akija askofu, asiguse."

Basi mnaona, siwezi kusema sikujua.

Miaka ikapita, nikawa msimamizi. Kanisa letu la nyumbani, milimani upande wa Kangundo, likachimba kisima kirefu. Hamjui vile watu walivyofurahi. Wanawake wa kwetu walikuwa wakishuka bondeni mtoni na kupanda na mitungi mgongoni, mkanda wa mukwa ukikaza kwenye paji la uso, na kilima kile ukikipanda mikono mitupu bado unapumzika mara mbili. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa Mama Ndunge, mwanamke mwenye kifua cha kuimba na ulimi usiokopesha. Aliniambia, "Baba Mwende, tangi ni lako. Ukituharibia tutakuimba vibaya mazishini." Nikaapa kwamba nitapaka bure, na nitapaka kama Kilonzo mwenyewe.

Tangi lilikuwa la mabamba, yale ya kufungwa kwa bolti yakishapandishwa juu ya mnara. Niliazima kompresa kazini, nikaja nayo Jumamosi. Kufikia saa nne asubuhi mabamba yote yalikuwa yamelala uani mwa kanisa, upande wa ndani ukitazama juu, yaking'aa kama majivu mapya. Chuma kikiwa hivyo hakina nguo. Una saa chache tu za kukivika kabla hewa haijaanza kukila. Nilikuwa nafungua makopo wakati Pasta Musyoki alipotoka kanisani, waumini wote waliokuja kuliombea tangi nyuma yake.

"Fundi," akasema, "kabla ya rangi, tunataka kuweka mikono. Maji haya yatanywewa na watoto wetu na wajukuu."

Mnajua desturi yetu. Gari jipya tunaliwekea mikono, mgonjwa tunamwekea mikono, mtoto anayeenda shule ya bweni tunamwekea mikono. Sikuwahi kuona baya lolote ndani yake, na mpaka leo sioni. Ningesema nini mbele ya watu wale? Kwamba mikono yao itachafua chuma? Mikono ya kina mama waliochanga, waliopika, waliobeba kokoto za kujengea mnara?

Mke wangu, Nduku, alikuwa upande wa pili wa bamba, akinitazama. Alikuwa ameishi nami kiasi cha kunisoma uso.

"Nĩ kyaũ?" akaniuliza chini chini. Kuna nini?

"Vai ũndũ," nikamjibu. Hakuna neno.

Wakainama. Chuma kilikuwa kimeshika jua, wanawake wakasema "Ii, kinachoma," lakini hakuna aliyeondoa mkono. Viganja vilivyopakwa mafuta ya mgando ya kwenda kanisani, viganja vya jasho la kupanda mlima, vyote vikakandamiza chuma, na pasta akaomba kwa muda mrefu. Nduku alikuwa wa mwisho. Alingoja, akanitazama tena, akaona sisemi kitu. Akaweka mkono wake. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda kwa nje, ng'ombe alikikanyaga alipokuwa mtoto, kwa hivyo mkono wake haukufanana na wa mtu mwingine.

Sikilizeni sasa, kwa maana hapa ndipo kazi inapomtenga fundi na mpakaji rangi. Bado ningeweza kuokoa. Kompresa ilikuwa hapo, mchanga ulikuwapo, jua lilikuwa juu. Ningeosha mabamba kwa maji safi, nikayapiga tena kidogo, jioni nikawa nimepaka. Lakini watu walikuwa wamesimama wakiimba, na pasta akasema, "Chuma kimebarikiwa, sasa paka." Kukipiga tena kungekuwa kama kukwangua baraka mbele ya walioitoa. Nikachukua kitambaa cha thina nikapangusa pangusa. Thina huondoa mafuta. Chumvi haiiondoi, inaisambaza tu. Nilijua hilo pia. Nikapaka.

Rangi ilitoka nzuri sana. Wakanipigia makofi.

Maji yalipopanda kwenye tangi, wanawake walicheza mpaka matope yakaruka. Kwa misimu kadhaa mtoni hapakuwa na njia tena, nyasi zilikuwa zimeimeza. Kisha Mama Ndunge akanipigia simu. Maji yanatoka mekundu, akasema, nguo nyeupe zinakuwa za rangi ya chai.

Nikaenda. Nilifungua mfereji, nikatega maji kiganjani, nikayaangalia. Ngazi ya mnara ilikuwa hatua chache kutoka hapo. Sikupanda. Nilijua nikipanda nitaona.

"Ni maji yenyewe," nikawaambia. "Maji ya kisima huku kwetu yana chumvi. Yanakula chuma. Hayafai."

Nani angenibishia? Mimi ndiye fundi. Visima vya chumvi ni vingi huku Ukambani, kila mtu amewahi kusikia cha fulani kilichotupwa. Wakazima pampu. Nyasi za njia ya mtoni zikakanyagwa tena.

Nduku naye akatoa mukwa wake darini. Jioni moja alipokuwa akiufunga kwenye mtungi, aliniuliza bila kugeuka, "Baba Mwende, ulipanda ukaangalia ndani?"

"Hakuna haja."

"Sawa," akasema, akaenda mtoni. Hakuniuliza tena. Ningependa angeniuliza tena.

Aliugua presha, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, na mara hiyo hakutoka. Siwaambii kwamba mtungi ndio uliomuua, daktari hakusema hivyo. Ninachowaambia ni kwamba siku za matanga watu walikuja wengi, na watu wengi wanakula na kunywa chai. Niliketi chini ya turubai nikiwatazama wanawake wa kanisa wakipanda kutoka bondeni mmoja baada ya mwingine, wameinama, mukwa kwenye paji la uso, wakileta maji ya kupikia waombolezaji wa Nduku. Mnara wa tangi ulikuwa nyuma yao, ukitupa kivuli juu ya njia. Walipita kwenye kivuli kile na kutoka, na kila aliyenipita alinipa pole.

Tulipomaliza kumzika na wageni wakaondoka, nilichukua tochi nikapanda ule mnara.

Tangi lilikuwa tupu, limekauka. Niliteremka ndani, nikamulika ukutani, na mikono ikanitazama. Ilikuwa kila mahali. Tulipofunga mabamba hakuna aliyejali lipi linaelekea wapi, kwa hivyo mingine ilikuwa imelala ubavu, mingine juu chini, kama watu wanaoanguka. Malengelenge kwa malengelenge, vidole, viganja, na kutu ikichuruzika kutoka kila kimoja. Wanakwaya wote, wazee wa kanisa, watoto. Niliwatambua wengine kwa ukubwa tu. Wa Nduku niliupata kwenye ukuta wa kaskazini, juu kidogo ya kichwa changu, vidole vikielekea chini, kile cha mwisho kimepinda kwa nje. Nikakaa sakafuni mpaka tochi ikaanza kufifia.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi baada ya ibada. Niliwaambia yote, kuanzia mkono wangu kwenye bamba la Kilonzo. Niliwaambia maji hayakuwa na kosa. Mama Ndunge alisimama polepole, akishika benchi la mbele.

"Kwa hivyo muda huu wote tumebeba maji kwa sababu wewe ulikuwa unaogopa pasta?"

"Ndiyo, mama."

"Na Mama Mwende akabeba."

"Akabeba."

Alinitazama. Nilingoja lolote, na nilistahili lolote. Akasema, "Toka nje unawe uso. Halafu rudi utuambie unahitaji nini."

Pasta Musyoki alinifuata nje. Alikuwa amezeeka pia. "Fundi, ungeniambia tu," akasema. "Ningeinua mikono juu. Kwani wewe ulidhani Mungu ni mfupi, ati hafiki mpaka tushike?" Alitaka nicheke. Nilijaribu.

Kazi ya marudio ilifanywa kwa mchanga wa garneti, ule usioharibu mapafu, na barakoa zenye hewa ya bomba. Vijana wawili wa kutoka Syokimau walikuja kunisaidia. Asubuhi ya siku hiyo waumini walisimama chini ya mnara wakaomba mikono ikiwa angani. Mama Ndunge alikuja amevaa glavu za sufu, zile za baridi ya Julai, akanipungia: "Mimi niko tayari hata nikianguka juu ya chuma chako!" Watu wakacheka, na kicheko kile kilinisaidia kupanda ngazi.

Vijana walitaka kushika mpira wa kupulizia, magoti yangu yakiwa yalivyo. Niliwaachia kuta tatu. Wa kaskazini niliushika mwenyewe. Nilipofika kwenye mkono ule, mmoja wao, ambaye nilikuwa nimemwambia ni wa nani, alinigusa bega, akainua barakoa yake kidogo.

"Mzee, hapa tunaweza ruka. Ni padogo. Hakuna mtu atajua."

Alisema kwa wema, na moyo wangu ulimkubali. Lakini tayari niliwahi kuacha mahali padogo kwa sababu ya moyo, na hapo ndipo maji yalipopita. Nilivaa glavu, nikauweka mkono wangu juu ya mkono wa Nduku, kidole kwa kidole, isipokuwa kile kimoja ambacho hakingeweza kulingana. Kisha nikarudi nyuma hatua moja, nikafungua hewa. Haikuchukua muda. Palibaki kijivu cheupe kama kwingine kote.

Tuliosha kwa maji safi, tukapima chumvi kwa kile kipimo kidogo cha kubandika, ambacho Kilonzo angekipenda sana na hakuwahi kukiona. Tukapangusa kwa kitambaa chenye maji na kuangalia chuma kinavyokauka, tukahakikisha hakuna umande, ndipo tukapaka mkono wa kwanza wa rangi, na wa pili. Hakuna aliyegusa. Tukaiacha epoksi ikomae siku zake zote, bila haraka.

Mwisho wa yote kuna mashine ya sifongo. Ninyi mtaijua. Sifongo yenye maji imeungwa na betri, unaipitisha juu ya rangi yote, na pakiwa na tundu hata dogo lisiloonekana kwa jicho, umeme unafika kwenye chuma na mashine inalia. Niliwatuma vijana chini, nikabaki ndani peke yangu. Nilianza sakafuni, nikazunguka kuta, na mashine ilinyamaza. Nilipofika ukuta wa kaskazini, juu kidogo ya kichwa, nilipunguza mwendo. Nikaipitisha pale mara moja, nikairudisha. Kisha nikaisimamisha hapo, maji yakinitiririka mkononi hadi kwenye kiwiko, nikatega sikio.

Haikulia.